Wangapi Kabla Yangu

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kawaida, miguu yote miwili chini, bila mto wa kuegemeza ubavu. Kwa mtu mwenye afya yake hilo si jambo la kutaja. Kwangu ni jambo, maana ilipita miaka miwili na zaidi sikuweza kukaa hivi, na katika muda huo nilipoteza kitu ambacho hakuna daktari wa kunirudishia. Wanawake wawili watatu ambao nyonga zao zimeanza kuuma kama ilivyoanza yangu ndio walioniomba niandike. Mimi ni mkaanga samaki wa Kunduchi, si mwandishi, na kazi yangu ya pili nitaitaja sasa hivi. Mfupa unalika vipi na kwa nini, waulizeni wenye elimu yao. Mimi nasimulia yaliyonipata.

Kazi yangu ya pili ni kuosha maiti. Niliirithi kwa mama yangu, Bi Zuhura, aliyewaosha wanawake wa Kunduchi tangu mimi sijazaliwa. Na hakuniachia kirahisi. Nilimmwagia maji kwa miaka saba kabla hajaniruhusu kushika kitambaa. Mmwagaji maji anasimama pembeni na kata, anatazama, ananyamaza. Mwosha ndiye anayegusa. Hiyo ndiyo shule yetu, na hakuna nyumba ya Kunduchi ambayo ingemwacha mtu ambaye hajawahi kuosha amshike mzazi wao peke yake. Watu wanauliza wazi, tena mbele yako, hawaoni haya: huyu keshaosha? Keshaosha wangapi? Ukijibu, ndipo wanakupisha ndani.

Mama alipozeeka na macho kumwisha, kazi yote ikawa yangu. Siku moja nilikuwa namkata kucha, akaniambia, "Mwanahawa, mie nikifa unioshe wewe. Sitaki mkono mgeni." Nikamwambia mama, acha maneno hayo. Akasema, "Nataka uniahidi." Nikaahidi. Sikuona ugumu wa ahadi ile, kwa sababu niliokwisha kuwaosha walikuwa wengi kiasi kwamba nilishapoteza hesabu.

Nyonga ya kulia ilianza wakati wa masika. Kwanza ilikuwa ni ubishi tu wa asubuhi, nikiamka haitaki kunyooka mpaka nizunguke uani mara mbili tatu. Baadaye nikawa siwezi kuchuchumaa mbele ya karai la samaki. Nikanunua kigoda kirefu. Kisha kusujudu kukanishinda, nikawa naswali nimekaa, mwanamke ambaye hata sijafika miaka hamsini. Mume wangu, Baba Rehema, ni mchonga vinyago, kwao kusini. Alikuwa akinitazama ninavyotembea anasema, "Unatembea kama kiti ambacho mguu mmoja fundi kausahau." Tulicheka. Tulikuwa tunacheka bado wakati ule.

Kicheko kiliisha siku nilipomwosha jirani yetu mmoja. Asiyeijua kazi hii aelewe jambo moja tu. Kuna wakati unamwinua maiti nusu ya kukaa, mgongo wake unaegemea goti lako la kulia, huku mkono wako unamkamua tumbo polepole. Uzito wote uko kwenye goti lako lile na nyonga ya upande huo. Basi nilipomwinua, nyonga yangu ikakataa. Nilimdaka asianguke, lakini aliteleza, kichwa kikagonga ukingo wa kitanda. Binti zake walikuwapo. Waliona, na macho yao niliondoka nayo mpaka nyumbani.

Habari zilimfikia mama kabla yangu. Aliniuliza neno moja tu, "Na mie je?"

Tangu siku ile sikutaka nyonga ipone ili nitembee, wala niswali, Mungu anisamehe. Nilitaka ipone ili mama akifa niweze kumwinua.

Nilikwenda hospitali kubwa ya serikali. Nilifika alfajiri nikakuta benchi zimejaa, watu wamekaa mpaka sakafuni, magongo yamelazwa ukutani kwa safu. Nilisubiri mpaka adhuhuri. Daktari wa mifupa, mtu mzima mwenye nywele nyeupe, alitazama picha ya eksirei muda mfupi kuliko ninavyotazama jodari kabla ya kumnunua. Akasema kiungo kimelika, dawa yake ni kukibadilisha, anaweka cha chuma na plastiki. Akaandika jina langu kwenye daftari. Zamu yangu ingefika baada ya masika mengine.

"Mbali hivyo, daktari?" nikamwuliza.

"Foleni ndefu, mama. Wote unaowaona nje ni wangu."

Nilitoka nimekasirika. Niliona nimefanywa mtu wa kusimamishwa kama mnunuzi wa sukari miaka ile ya shida, wakati sasa kila kitu ruksa, maduka yamejaa, mtu anachagua. Na mama yangu hakuwa na masika mengine ya kupoteza.

Hapo ndipo ndugu yangu Abdallah alipoingia. Ni mdogo wangu wa pekee kwa mama na baba, anauza vipuri vya magari Kariakoo, na miaka ya ruksa ilimwendea vizuri. Alikuja Ijumaa moja na pikapu yake, amevaa kanzu mpya, akasema, "Dada, wewe huendi kukaa sakafuni. Imefunguliwa hospitali ya watu binafsi Mikocheni. Nimeshaongea nao. Kila kitu juu yangu."

Nililia kwa furaha. Mkewe Zainabu, wifi yangu, naye alilia. Ni mwanamke mpole, mama wa watoto wanne, na ndiye aliyekuwa akinimwagia maji kazini kwangu.

Hospitali yenyewe ilikuwa katikati ya nyumba za watu na maghala, geti jeupe, sakafu ya vigae unajiona uso. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na televisheni ya rangi, na viti vyenye mito ambavyo hakuna aliyevikalia. Muuguzi alitupokea kabla hatujapiga hodi.

"Unaona?" Abdallah akasema. "Hakuna foleni."

Baba Rehema alikuwa amekuja na nguo zake za kazini, vumbi la mpingo mikononi. Alizungusha macho mle ndani akaninong'oneza, "Mama Rehema, mbona hakuna watu?"

Nilimwambia anyamaze asituaibishe. Leo nayakumbuka maneno yangu yote mawili matatu kama yalivyotoka. Nilimwambia, "Wewe umezoea kubanana."

Daktari alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amesoma nje. Alinipa shikamoo, akanichorea nyonga kwenye karatasi, akaeleza kila kitu kwa upole ambao sikuupata kule kwenye foleni. Nilimpenda. Swali la wangapi halikunijia kabisa mbele yake. Lilimjia mama. Jioni ile nilikwenda kumweleza, naye akanisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya wangu, kisha akauliza kama ambavyo angeuliza juu ya mwosha yeyote, "Keshafanya wangapi huyo?"

"Mama, daktari haulizwi hivyo."

"Kwa nini?"

"Ni daktari. Na Abdallah keshahangaika. Nikaanze kumhoji mtu?"

"Haya," mama akasema.

Nimeirudia kichwani ile "haya" mara nyingi kuliko dua yoyote.

Nilipasuliwa wakati wa kipupwe. Walinidunga sindano ya ganzi mgongoni, nikafa kuanzia kiunoni kwenda chini, lakini masikio yalikuwa yangu. Mbele ya uso waliweka kitambaa cha kijani. Sikuona kitu, nilisikia. Nilimsikia daktari akisema lete ile kubwa. Muuguzi akauliza ipi. Hiyo, hapana, hiyo nyingine. Nikasikia kurasa zinafunuliwa. Mlango ukafunguliwa, mtu akatoka mbio kutafuta kitu, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Daktari akasema tusubiri. Walisubiri, na mimi nikasubiri nao, mguu wangu ukiwa wazi.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniumiza. Mwanamke mwenye kazi kama yangu anajua kabisa maana ya mtu kuanza kutafuta kafuri wakati maiti keshalowa. Nikiosha mimi, Zainabu alikuwa ananipa kitambaa kabla sijanyoosha mkono, kwa sababu tumeshafanya pamoja mara nyingi. Mle chumbani hakuna aliyekuwa amefanya na mwenzake. Nikajiambia madaktari wana taratibu zao.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa malkia. Daktari alikuja kila asubuhi, Abdallah alileta zabibu. Niliposimama kwa magongo niligundua kisigino cha kulia hakifiki chini, kinaning'inia vidole viwili juu ya sakafu. Daktari akasema mwili utazoea. Baba Rehema alinipima mguu kwa kamba akaenda zake, akarudi na soli aliyoichonga kwa mti mwepesi, amezungushia ukingo mzuri kama wa kinyago, akaigongomea chini ya kiatu changu. Nikasimama sawa. Ni zawadi nzuri kuliko zote nilizopewa katika ugonjwa ule, na nilikuwa bado sijamwomba radhi.

Mwezi wa pili nyonga ilichomoka. Nilikuwa natoka chooni tu, nikageuka kushika mlango, nikasikia imetoka mahali pake, nikaanguka. Sitaeleza maumivu. Walinirudishia Mikocheni. Ikachomoka tena siku chache kabla ya Ramadhani. Wakati wengine wanafunga, mimi nilikuwa nakula vidonge, na kovu lililokuwa limefunga likaanza kutoa maji, kisha usaha. Nilinuka. Mimi ambaye nimeishi na udi na kafuri miaka yote nilikuwa nanuka mpaka wajukuu wa jirani wanapitia upande wa pili wa uchochoro. Rehema, binti yangu, alibadilisha bendeji asubuhi na jioni huku amegeuza uso, akidhani sioni.

Abdallah hakutaka kusikia kwamba hospitali yake imeshindwa.

"Dada, labda hufuati masharti. Daktari alikwambia usikae chini."

"Nimekaa chini lini?"

"Sijui. Mie nakuambia alivyosema."

"Shemeji," Baba Rehema akasema, "mguu wa mtu ni mfupi vidole viwili. Hayo nayo ni masharti?"

Abdallah aliondoka bila kuaga. Hakuja tena kwa miezi. Zainabu alikuja kwa siri, akileta uji ndani ya chupa, akikaa kitako nusu saa na kurudi. Mama alikuwa ameanza kulala mchana kutwa, na kila nikipelekwa kumwona alinipapasa mguu kuanzia goti kwenda juu, akifika kwenye bendeji anasimama.

Vuli ilipoanza niliamua kurudi kwenye foleni ya serikali. Lakini kwanza nilikwenda Mikocheni kuchukua picha zangu. Daktari kijana alinipa mwenyewe, zote, kwenye bahasha. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu na Baba Rehema nyuma yangu, na swali la mama likanitoka, limechelewa mwaka mzima.

"Mwanangu, ulishafanya wangapi kabla yangu?"

Akasema, "Kule nilikosoma niliona nyingi, mama. Nilisaidia."

"Wewe mwenyewe. Hapa."

"Hapa ulikuwa wa pili."

"Wa kwanza yuko wapi?"

"Alihamia kwao Tanga. Sikumwona tena." Akatazama mikono yake. "Sikukudanganya, mama. Hukuniuliza."

Ni kweli, sikumwuliza. Nilitaka kumchukia nikashindwa kumchukia vizuri. Alikuwa na kope ndefu kama za mtoto, na nadhani alikuwa akiogopa tangu siku ile ya kurasa. Lakini nami nasema wazi: angeweza kuniambia bila kuulizwa. Mguu ulikuwa wangu.

Sasa sikilizeni habari ya foleni, nyie mnaoikimbia. Safari hii nilikaa kwenye benchi na macho mengine. Pembeni yangu alikaa mzee wa Temeke, fundi cherehani, fimbo katikati ya magoti. Nikamwuliza yeye zamu yake ya kupasuliwa lini.

"Mie nilishapasuliwa," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Nimekuja kuangaliwa tu. Na yule mama wa kitenge cha bluu naye keshafanyiwa. Yule bwana mnene pale, yeye miguu yote miwili." Akasimama, akaenda mpaka dirishani na kurudi ili nimwone. "Humu nusu yetu tumeshatoka mikononi mwake."

Niliwatazama mmoja mmoja. Mwaka ule mwingine niliona msongamano. Kumbe nilikuwa naona watu waliorudi kwa miguu yao wenyewe, na kila mmoja angenijibu kama ningekuwa na adabu ya kuuliza. Nililia pale pale kwenye benchi, na yule fundi cherehani akanipa leso yake bila kuniuliza nalilia nini.

Daktari wa nywele nyeupe nilimwuliza hata kabla ya kumpa bahasha. Alicheka. "Sihesabu, mama. Jumanne na Alhamisi, kila wiki, miaka. Na yangu nayo huharibika mara moja moja, nisikudanganye. Ila ikiharibika naijua mapema." Kisha akatazama picha na hakucheka tena. Akasema chuma chote kitolewe, kidonda kisafishwe, nikae bila nyonga mpaka usaha uishe kabisa, ndipo aweke nyingine.

"Nitakaa bila nyonga muda gani?"

"Miezi mitatu. Pengine minne."

Nikamweleza habari ya mama. Alisikiliza. Akasema, "Siwezi kuweka kipya kwenye uchafu. Nikikuharakisha, utapoteza mguu."

Nilirudi kwenye chumba cha upasuaji, ganzi ya mgongo, kitambaa cha kijani. Nikatega masikio. Walikuwa wanaongea habari za mpira, nani kafungwa Jumapili. Vyuma viligongana kwenye trei bila mtu kuuliza ipi wala iko wapi. Hakuna mlango uliofunguliwa. Daktari alinyoosha mkono tu, nadhani, na kitu kikawamo. Niliujua ukimya ule wa mikono, ndio ukimya wangu mimi na Zainabu. Nikasinzia.

Nililala wodini wiki sita, mguu umevutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga unaning'inia mwisho wa kitanda. Tulikuwa wanawake kumi na wanne katika wodi ya watu kumi. Aliyeweza kutembea alimletea maji asiyeweza. Mwanamke wa Boko aliyevunjika paja alinisuka nywele akiwa amelala kitanda cha jirani, mikono tu imenifikia. Abdallah hakuja.

Niseme kabisa mwisho wa mguu wangu ili msihangaike. Nyonga ya pili niliwekewa baada ya miezi minne, na imekaa. Haijachomoka. Tofauti ya miguu ni nusu kidole, Baba Rehema amenichongea soli nyembamba, na nilishamwomba radhi kwa lile neno la kubanana. Alisema alilisahau, na anadanganya. Natembea na fimbo mpaka ufukweni na kurudi. Kuchuchumaa siwezi, na sitaweza. Daktari alisema nyonga iliyofanyiwa kazi mara tatu haiwi kama ile ingefanywa sawasawa mara ya kwanza, na hilo nalileta kwenu kama lilivyo. Mkiambiwa mnahitaji kiungo kipya, ulizeni. Ulizeni anafanya wangapi kwa mwezi, na wanaomsaidia wamefanya naye wangapi. Tafuteni kwenye benchi waliotoka mikononi mwake. Atakayeudhika na swali hilo, chukueni picha zenu muondoke.

Ila mama hakungoja miezi minne.

Nilikuwa nimerudishwa nyumbani bila nyonga, mwezi wa pili wa kungoja. Mguu wa kulia ulikuwa umeshikwa na nyama tu, nasimama kwa magongo mawili, na bila magongo mimi ni gunia. Mama alifariki baada ya swala ya alfajiri, usingizini. Walikuja kunichukua kwa kiti cha magurudumu, matairi yakizama kwenye mchanga wa uchochoro. Ufuo wa kupokelea maji ulikuwa umeshachimbwa, kitanda cha kamba kimewekwa juu yake, mashuka yamezungushwa. Wanawake walikuwa wamejaa uani na wote walinitazama miguu.

Bi Hadija wa Boko, mwosha pekee aliyebaki upande wetu, alikuwa amekwenda msibani Bagamoyo. Maziko yalipangwa baada ya adhuhuri. Alikuwapo Zainabu.

Niliwaomba wengine watupishe kidogo. Nikamwuliza, "Wifi, umeosha wangapi peke yako?"

Hakutafuta maneno. "Hata mmoja, wifi. Namwagaga maji tu. Naogopa."

Nikamtazama. Nilimwona yule daktari kijana akitazama mikono yake. Laiti angeniambia hivyo, hata mmoja, naogopa, pengine ningemwambia basi tafuta anayejua asimame karibu yako, nami nitangoja.

Nje ya shuka nikasikia sauti ya Abdallah, ya chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

"Dada."

"Naam."

"Nani anamwosha mama?"

"Mkeo."

Akauliza, kama mtu yeyote wa Kunduchi, "Keshaosha?"

Nilikuwa na jibu la kumchoma nalo. Nilikuwa nimelitunza tangu Ramadhani, lilikuwa limeiva. Nikasikia analia kule nje, mtu mzima, na nikajua kwamba alilisikia swali lake mwenyewe lilipotoka mdomoni.

"Hajaosha," nikamwambia. "Lakini nipo mimi."

Wanawake wawili walirudi wakanikalisha kwenye kigoda changu kirefu cha samaki, karibu na kichwa cha mama. Zainabu akafunga kanga kiunoni. Nilimwambia aanze upande wa kulia. Nikamwambia mkono laini, ngozi ya mzee huchubuka. Ulipofika wakati wa kumwinua nilimwonyesha goti liwekwe wapi, mkono wa shingo ushike vipi, naye akapiga goti, akamwinua mama taratibu, mgongo ukaegemea mahali ambapo goti langu lilipaswa kuwa. Hakumwachia. Kichwa cha mama hakikugonga popote. Alinitazama, anangoja niseme kinachofuata, na nikaona kinachofuata ni kazi yangu.

Mama alisema hataki mkono mgeni. Nikamwomba radhi sikioni kwake. Kisha nikachota maji kwa kata, nikammwagia polepole kama alivyonifundisha mwaka wa kwanza, kabla hajaniruhusu kumgusa mtu.